Mdogo wangu, usikimbilie kununua kabureta

Mdogo wangu mmoja wa Moshi kaniandikia kwa uchungu. Ana mashine ya kukatia nyasi, ile ya kusukuma, aliyoinunua mtumba ili apate riziki kwenye viwanja vya makanisa, shule na nyumba za watu. Masika yalipokwisha akaiegesha stoo. Sasa vuli imeanza, majani yamefika magotini, wateja wanapiga simu, na yeye anavuta kamba mpaka bega linawaka moto. Mashine haitoi hata kikohozi. Fundi wa kwanza kamwambia anunue kabureta mpya. Wa pili kasema injini ishakufa, aiuze chuma chakavu. Anauliza: "Dada, nimsikilize nani?"

Kwa leo usimsikilize yeyote. Mimi nauza spea, kabureta nikikuuzia napata faida, kwa hiyo nikikwambia rudisha pochi mfukoni ujue nakutakia mema. Injini uliyoizima nzima mwezi wa sita haifi kwa kulala stoo. Ninachokishuku ni petroli uliyoiacha ndani.

Wengi hamjui kwamba petroli inachacha. Briggs & Stratton, ambao ni watengenezaji wakubwa wa injini hizi, wanatahadharisha kuwa inaweza kuharibika ndani ya siku 30. Ile sehemu nyepesi inayoshika moto kirahisi huruka hewani, na inayobaki hugeuka polepole kuwa utomvu wa rangi ya chai unaonata. Ndani ya kabureta petroli hupita kwenye jeti, katundu kembamba ambako hata unywele unapita kwa kujibana. Utomvu ukiganda pale, injini inakufa njaa huku tangi limejaa.

Lakini usiniamini kwa maneno, iulize plagi. Plagi ni shahidi asiyehongeka. Funga choki, vuta kamba mara tano au sita, kisha chomoa kofia ya waya wa plagi, fungua plagi kwa spana yake na uitazame mdomoni. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki kwenye silinda. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, chakula kinafika, ila cheche haipo au umeilowesha mno kwa kuvuta. Ikiwa nyeusi ya masizi, hewa ni kidogo kuliko mafuta, na hapo chujio la hewa lina kesi ya kujibu. Ikiwa imepakaa oili, nitakuja huko.

Kupima cheche kunataka watu wawili na akili timamu. Rudisha kofia kwenye plagi, gusisha chuma cha plagi kwenye chuma cha injini, mbali na tundu ulikoitoa, maana mvuke wa petroli unaotoka mle ukikutana na cheche utajutia nyusi zako. Ishike kwa koleo lenye mpini wa mpira. Mwenzako avute kamba, mkiwa kivulini, miguu yenu wote ikiwa mbali na kisu, kwa sababu kisu kinazunguka kila injini inapozunguka. Mnatafuta cheche ya bluu inayoruka bila kusitasita. Na hapa pana mtego unaowala wengi: ile fito ya usalama unayoibana pamoja na mpini wa kusukumia. Ukiiachia, inakata cheche. Basi kama hamkuibana, au waya wake umelegea kwa uzee, hamtaona kitu hata injini ikiwa mpya. Watu huja dukani kwangu kutafuta koili, nawauliza kwanza habari za huo waya. Baadhi yao hawarudi kununua, na hiyo ni habari njema.

Plagi yenyewe ni bei rahisi, ibadilishe bila kuionea huruma. Pengo la mdomoni katika injini nyingi za aina hii ni kati ya milimita 0.7 na 0.8. Anza kuikaza kwa vidole mpaka ikae, ndipo umalizie kwa spana: mpya nusu mzunguko, ya zamani robo tu. Silinda ni ya aluminiamu, ukikaza kwa hasira unakula nyuzi, na kesi ya nyuzi ni kubwa kuliko kesi ya plagi.

Sasa tuseme plagi ya huyu wa Moshi imetoka kavu, kama ninavyodhani. Mwaga petroli yote ya tangi kwenye chupa ya kioo, isimame kidogo, uiangalie juani. Petroli nzima ina harufu kali inayopanda puani. Iliyochacha inanuka kama rangi ya mafuta ya milango. Maji, kama yapo, utayaona yamekaa chini peke yake. Na kama uliinunua kwenye chupa kando ya barabara, usishangae ukikuta harufu ya mafuta ya taa. Uchakachuaji si jambo la jana. Mwaka 2011 serikali yetu ilipandisha kodi ya mafuta ya taa kwa sababu ya mchezo huohuo. Nunua kituoni, kiasi cha kutumia wiki mbili tatu, usiweke akiba ya mwaka.

Kabla hujafungua kabureta, fanya jaribio moja ninalolipenda. Tia kijiko cha chai cha petroli mpya kwenye tundu la plagi, rudisha plagi na kofia yake, futa kilichomwagika, vuta. Ikinguruma sekunde chache ikazima, shangilia. Maana yake cheche ipo, mgandamizo upo, na mgonjwa ni kabureta peke yake, tena huenda anahitaji kuoga tu. Yule aliyesema injini imekufa mpelekee salamu.

Kuiosha ni kazi ya saa moja, nje, injini ikiwa baridi, pasiwe na sigara wala jiko jirani. Chomoa kofia ya plagi. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa namna vijiti na springi vilivyoshikana, kwa kuwa ukivichanganya hata mimi sitakusaidia. Chini ya kabureta kuna kibakuli kinachoshikwa na bolti moja. Katika injini nyingi za Briggs & Stratton bolti hiyo ndiyo jeti yenyewe: ina vitundu ubavuni na kingine katikati. Kinga kitambaa, fungua, tazama chini ya kibakuli. Utakuta tope la kahawia, pengine na kutu. Puliza dawa ya kusafishia kabureta, kisha pitisha unywele mmoja wa brashi ya nailoni kwenye vitundu mpaka uone mwanga upande wa pili. Usitumie sindano wala msumari. Tundu likipanuka hata kidogo, injini itakunywea mafuta maisha yake yote. Gasketi ya kibakuli itoe taratibu. Ikichanika, hiyo njoo nikuuzie, haina bei.

Wale ambao mashine zenu zinawaka lakini kwa vitimbi, jibu lenu halijapotea. Inakubali tu choki ikiwa imefungwa, au mlio unapanda na kushuka peke yake? Jeti imeziba nusu, dawa ni hiyohiyo. Inakwenda dakika kumi inazima, ikipumzika inakubali tena? Ikizima safari ijayo, legeza mfuniko wa tangi. Ikiwaka mara moja, kile kitundu cha kupumulia kwenye mfuniko kimeziba, kioshe. Ilipiga jiwe au kisiki, na tangu siku hiyo kamba inakunyang'anya mkono kwa kurudi nyuma? Kuna kipande kidogo cha chuma laini kinachofunga gurudumu la sumaku kwenye shafti. Kimewekwa laini makusudi, kikatike chenyewe kabla shafti haijapinda. Hicho mpe fundi abadilishe, gurudumu lile halitoki bila kifaa chake.

Oili sasa, maana hapa ndipo injini zinapouawa kweli. Injini ya mashine ya kusukuma kwa kawaida hubeba nusu lita na kidogo tu, na nyingi hazina chujio la oili. Uchafu wote unazunguka mlemle. Pima kila siku kabla ya kuwasha, mashine ikiwa imesimama sawa, kwa kile kijiti. Kwa joto letu SAE 30 inafaa injini nyingi za Briggs & Stratton; Honda wao wanapendekeza 10W-30. Injini mpya mwaga oili baada ya saa 5 za mwanzo, halafu kila saa 50 hivi, na kwa anayekata kutwa kwenye jua na vumbi nasema 25. Usijaze kupita alama ukidhani unaipendelea. Itatoa moshi na kulowesha chujio.

Na ile plagi yenye oili niliyoiahidi: nyingi zinatokana na kulaza mashine upande usio wake wakati wa kutoa nyasi zilizoganda chini. Ilaze chujio la hewa na kabureta vikiwa juu, tangi likiwa karibu tupu, kofia ya plagi imechomolewa. Ukikosea, oili inapita kwenye silinda na kabureta, na ukiwasha mtaa mzima unajaa moshi mweupe. Safisha plagi, iache iunguze hiyo oili, itakwisha yenyewe. Moshi usiokwisha siku zinazofuata ni habari nyingine, ringi zinaweza kuwa zimechoka.

Vuli ikiisha, mwaga petroli ya tangi kwenye kidumu, washa mashine iunguze iliyobaki mpaka izime yenyewe, ndipo uipeleke stoo.

Nina nafasi ya swali moja fupi, la kijana wa Tanga anayetaka kujua kama petroli ya fyekeo la mgongoni aitumie pia kwenye mashine ya kusukuma. Hapana. Fyekeo hizo nyingi ni tu-stroki, oili yake inachanganywa kwenye petroli: kwa kipimo cha 50 kwa 1 ni mililita 20 kwa kila lita, kwa 25 kwa 1 ni mililita 40, angalia kibandiko cha mashine yako. Ya kusukuma ina oili yake mahali pake. Weka vidumu viwili, viandike kwa maka peni, na cha fyekeo ukitikise kabla ya kumimina.