Laptopu ya Kazini, Gemu za Jioni

Kabla hujanunua gemu yoyote, ijue mashine yako. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, kisha Enter. Ukurasa wa kwanza unakuonyesha RAM uliyonayo, ule wa Display unakutajia kadi ya picha. Ukikuta Intel HD au Intel UHD, achana na matangazo ya gemu kubwa za mwaka huu. Zitakwamakwama tu, na hela itakuwa imeshaondoka.

Wala usisikitike. Rudi nyuma miaka kadhaa, huko ndiko kwenye utamu.

Anza na Portal ya mwaka 2007. Unapewa bunduki ya kutoboa milango ukutani: ukiingia huku, unatokea kule. Kwangu mimi hakuna gemu ya mafumbo inayoifikia, na wikendi moja inatosha kuimaliza. Ukikwama, usikimbilie YouTube. Kalale. Asubuhi jibu huwa liko wazi.

Ukiipenda, nenda Half-Life 2 ya mwaka 2004. Sehemu ya boti imerefushwa bure, lakini vumilia, maana mbele kuna Ravenholm, mji uliojaa mazombi. Ukifika hapo weka risasi akiba. Tumia silaha ya kuvuta vitu, okota misumeno ya mviringo iliyozagaa, uwarushie mazombi hao.

Unataka kitu cha polepole? Stardew Valley. Eric Barone aliitengeneza peke yake akaitoa mwaka 2016, na haijazi hata GB 1, kwa hiyo bando lako liko salama. Siku ya kwanza panda mbegu ulizopewa, mwagilia, kisha kata kuni mpaka nguvu zipungue.

Sasa shika hili: gemu hii inahifadhi pale tu mhusika wako anapolala. Umeme ukikatika na siku ya shambani inakaribia kuisha, kazi yote ya siku hiyo imekwenda. Kama betri ya laptopu yako imechoka, mlaze mapema. Hasara ya saa chache za shambani ni afadhali kuliko kurudia siku nzima.

Uvuvi wake unaudhi, nisikudanganye. Nenda dukani kwa Willy ununue Training Rod, sarafu 25 tu za humo ndani. Itakuvulia samaki wa kawaida tu, lakini mkono utazoea. Mambo ya kuposa na kupeleka zawadi mimi yalinichosha. Raha yangu iko mgodini.

Wenye RAM ya GB 8 waende Civilization VI ya mwaka 2016. Inachezwa kwa zamu, kwa hiyo mashine ikichelewa hakuna anayekupiga risasi. Chagua ramani ndogo kabisa na mwendo wa haraka. Picha zikiwa nzito, hamia Strategic View: ramani inakuwa bapa kama ya karatasi, na kompyuta inapumua.

Hii ndiyo gemu ninayoipendekeza kuliko zote kwa mtu wa pwani. Zanzibar imo, kama mji wa biashara unaojitegemea. Ikitokea kwenye ramani yako, itumie wajumbe watatu au zaidi, mradi uwazidi wapinzani. Itakuletea karafuu na mdalasini, bidhaa ambazo hutazichimba wala kuzilima popote kwenye ramani ile, na raia wako watatulia. Ukiongeza kifurushi cha Rise and Fall cha mwaka 2018, unaweza hata kujenga Kilwa Kisiwani. Tenga mapema kipande cha ardhi tambarare kando ya bahari, maana hakijengwi kwingine. Kinakupa wajumbe zaidi, na faida ya miji rafiki inakua. Onyo moja tu: weka kengele ya simu. Ile zamu moja ya mwisho hukupeleka hadi adhana ya alfajiri.

Kandanda je? Usinunue toleo jipya kila mwaka. Jina lilibadilika kutoka FIFA kwenda EA Sports FC mwaka 2023, ila kila mwaka unalipia tena mpira uleule na usajili mpya. Subiri toleo literemke bei. Au cheza na wenzako kwenye kibanda cha gemu mtaani. Mpira peke yako chumbani haunogi.

Ukinunua gemu kwenye duka la mtandaoni la Steam, tumia haki yako. Unaweza kuomba kurudishiwa pesa ndani ya siku 14, mradi hujacheza kufikia saa 2. Kwa hiyo saa ya kwanza usiipoteze kumpamba mhusika. Nenda moja kwa moja kwenye vurugu, uone kama mashine inahimili.

Ikikwamakwama, punguza ukubwa wa picha kwanza, mpaka 1280 kwa 720. Kisha zima vivuli. Chomeka chaja, na weka laptopu mezani. Godoro linaziba matundu ya hewa. Kama una kijiti kimoja tu cha RAM na nafasi ya pili ipo wazi, ongeza kingine. Kwa mashine za Intel za aina hii, hicho ndicho kifaa cha kwanza cha kununua.

Gemu zilizovunjwa kufuli zinazozunguka kwenye flashi ziache. Humo ndimo virusi vinamopandia, na laptopu hiyo ndiyo yenye faili za ofisi.

Mfuko ukiwa mtupu kabisa, pakua OpenTTD. Ni bure, ni nyepesi, na ni halali. Unaanza na mkopo na kampuni ya usafiri isiyo na gari hata moja. Mabasi ya mjini yaache kwanza. Tafuta mgodi wa makaa ya mawe ulio mbali kiasi na kituo cha kufua umeme, tandika reli katikati, weka treni mbili. Mkopo utaanza kuulipa mapema.