Mwenye haraka ni nani, wewe au mteja?

Wauzaji wa mtandaoni, leo tujifunze kwa timu ya kikapu. Oklahoma City ni mji mdogo kwenye NBA, staa akiondoka si rahisi kumpata mwingine. Julai 2019, ligi ikiwa mapumzikoni, Paul George akaomba auzwe wakati mkataba wake bado upo. Wengi wetu hapo tungepaniki tukashusha bei.

Viongozi wa Thunder wakamwangalia mnunuzi kwanza. Clippers walikuwa wanamtaka Kawhi Leonard, na Kawhi alitaka acheze na George. Yaani wao ndio wenye haraka! Wakalipishwa: Danilo Gallinari, dogo wa miaka 20 Shai Gilgeous-Alexander, pamoja na haki 5 za kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza.

Haikulipa haraka, tusidanganyane. Msimu wa 2020/21 Thunder walishinda mechi 22 tu kati ya 72. Ubingwa ulikuja 2025, na mchezaji bora wa ligi alikuwa huyo huyo Shai.

Sasa wewe umebakiwa na magauni 12, Idi ni keshokutwa, mteja anakuja inbox anataka yote. Kabla hujataja punguzo, muulize anayahitaji lini.