"Mtoto huyu hesabu hana": Nani kakwambia?

NDUGU msomaji, kuna sentensi moja ambayo imezoeleka mno katika nyumba zetu za mjini. Utaisikia sebuleni, utaisikia kwenye kikao cha wazazi shuleni, na mara nyingine utaisikia kutoka kwa mwalimu mwenyewe: "Huyu mtoto hesabu hana."

Hivi karibuni nilikwenda kumjulia hali jamaa yangu mmoja. Binti yake, ambaye yuko kidato cha pili, akaja kunisalimia. "Shikamoo, ami." "Marahaba mwanangu, masomo yanaendeleaje?" Kabla hajafungua mdomo, baba yake akamjibia: "Mengine anajitahidi, ila hesabu hana. Katurithi sisi." Tukacheka. Binti naye akacheka, lakini kilikuwa kicheko cha mtu aliyekwisha kuikubali hukumu.

Je, hukumu hii huwa tunaitoa kwa ushahidi gani? Mara nyingi ushahidi wetu ni alama za mtihani mmoja au miwili. Na mtihani wenyewe umepima nini? Hapo ndipo penye mazungumzo yetu ya leo.

Tusidanganyane, Hisabati inatutesa. Kwa miaka mingi matokeo ya kidato cha nne nchini Tanzania yameonyesha kuwa hili ndilo somo linaloangusha watahiniwa wengi kuliko mengine. Dawa tuliyoizoea ni twisheni. Mtoto anatoka shule saa tisa, saa kumi yuko twisheni. Huko mwalimu anaandika swali, anaandika njia, watoto wananakili. Siku ya mtihani mtoto anaomba swali lije vilevile, limebadilishwa namba tu. Likija kwa sura nyingine kidogo, kalamu inawekwa chini. Mtoto huyu hakukosa akili. Alichokosa ni mazoea ya kukaa na swali ambalo hajaonyeshwa njia yake.

Mazoea hayo ndiyo hasa yanayojengwa na mashindano ya Hisabati ya wanafunzi wa sekondari. Wengi wetu tukisikia mashindano ya hesabu tunadhani ni watoto kuulizwa 17 mara 23 na wa kwanza kunyoosha mkono anapewa zawadi. Sivyo. Mashindano makubwa kuliko yote, Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, yalianza mwaka 1959 huko Romania yakiwa na nchi 7 tu, zote za Ulaya ya Mashariki. Leo yanakusanya nchi zaidi ya 100. Kila nchi hupeleka wanafunzi wasiozidi 6, wenye umri chini ya miaka 20 na ambao hawajaingia chuo kikuu. Mtihani ni wa siku mbili. Kila siku maswali ni matatu tu, na muda wa kuyafanya ni saa nne na nusu. Kikokotoo hakiruhusiwi.

Hebu lipime hilo, ndugu msomaji. Saa nne na nusu kwa maswali matatu! Ni kiasi cha saa moja na nusu kwa kila swali. Kila swali lina alama 7, jumla ni 42, na aliyefika katikati ya njia hupewa alama za pale alipofika. Anayeshindwa kupata medali, lakini akalimaliza swali moja kwa ukamilifu, hupewa cheti cha heshima. Yaani kufikiri sawasawa juu ya jambo moja kunathaminiwa.

Afrika nayo imo. Olimpiadi ya Hisabati ya Afrika ilianza mwaka 1987. Nairobi iliipokea mwaka 2018, na Kigali mwaka 2023. Yale ya kimataifa yalifika katika bara letu kwa mara ya kwanza mwaka 2014, mjini Cape Town.

Sasa turudi kwa binti wa jamaa yangu. Nilimsimulia habari za binti mwingine, Maryam Mirzakhani, aliyezaliwa Tehran, Iran, mwaka 1977. Udogoni ndoto yake ilikuwa kuwa mwandishi wa vitabu. Alipoingia shule ya kati alifanya vibaya katika Hisabati, na mwalimu wake hakuona kuwa ana kipaji cha somo hilo. Binti akavunjika moyo. Naam, hata yeye aliambiwa kwa namna fulani kuwa hesabu hana! Mwaka uliofuata akapata mwalimu mwingine aliyemtia moyo, na mambo yakabadilika.

Alipokuwa sekondari, yeye na rafiki yake Roya Beheshti walipata karatasi ya maswali ya mashindano ya taifa ya kompyuta. Maswali yalikuwa 6. Walikaa nayo siku kadhaa wakafumbua 3. Badala ya kujiona wameshindwa nusu, waliona kuwa kumbe inawezekana. Wakaenda kwa mkuu wa shule yao, mwanamke, wakamwomba shule ya wasichana nayo iwe na masomo ya kufumbua maswali kama yale waliyokuwa wakifundishwa wavulana. Wakati huo Iran ilikuwa haijawahi kupeleka msichana katika timu yake ya kimataifa ya Hisabati. Mkuu yule angeweza kuwaambia warudi darasani wakasomee mtihani. Hakufanya hivyo. Aliwakubalia.

Matokeo yake? Mwaka 1994, huko Hong Kong, wote wawili walikuwa katika timu ya Iran. Maryam alipata alama 41 kati ya 42 na medali ya dhahabu. Mwaka 1995, huko Canada, akapata 42 zote. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza duniani kupewa Medali ya Fields, heshima ambayo wanahisabati huihesabu kuwa juu kabisa. Alifariki mwaka 2017 kwa maradhi ya saratani akiwa na umri wa miaka 40. Na mtu huyu mwenyewe alikuwa akisema kuwa yeye hufikiri taratibu, si mwepesi.

Angalieni mlango ulivyofunguka. Kulikuwa na mwalimu aliyefuta hukumu ya mwalimu aliyetangulia, na kulikuwa na mkuu wa shule aliyesema ndiyo. Kipaji kilikuwepo siku zote, lakini bila watu wazima hao wawili huenda kingebaki pale kilipozimwa.

Sisi Waislamu hupenda kujisifu kuwa neno aljebra limetokana na kitabu cha al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Ni kweli, na sehemu kubwa ya kitabu kile ni hesabu za mirathi, yaani mambo ambayo watu walikuwa na haja nayo. Lakini sifa za wazee hazimfundishi mtoto kuhesabu. Hafundishwi ila na aliye hai, aliyekaa naye mezani.

Basi nikamwomba binti karatasi, nikamwandikia swali la kwanza kabisa la olimpiadi ile ya mwaka 1959. Linasema hivi: kuna sehemu ambayo namba yake ya juu ni 21n + 4, na ya chini ni 14n + 3. Thibitisha kuwa sehemu hii haiwezi kurahisishwa, hata n iwe namba ipi kati ya 1, 2, 3 na kuendelea.

Mwanzo alisema, "Ami, hili hatujafundishwa." Nikamwambia ajaribu kwa namba. Akaweka n iwe 1, akapata 25 juu na 17 chini. Haipunguki. Akaweka 2, akapata 46 na 31. Akaweka 3, akapata 67 na 45. Alifika hadi 10, akaniambia, "Nimethibitisha, hairahisiki." Nikamwuliza: "Na 11 je? Na milioni moja?" Akanyamaza. Nadhani ukimya ule ulikuwa somo kubwa kuliko twisheni ya mwezi mzima, kwa sababu hapo ndipo alipoona tofauti ya kujaribu na kuthibitisha.

Nikampa dokezo moja tu. Chukua tende 36. Ukizifunga katika vifuko vya tende sita sita, hazibaki. Chukua tende 24, nazo ukizifunga sita sita hazibaki. Je, tofauti yao, ambayo ni tende 12, nayo itafungika sita sita? Bila shaka. Kwa hiyo namba inayogawanya mbili bila kubaki, hugawanya pia tofauti yao. Nikaaga, nikaondoka.

Baada ya siku tatu akanipigia simu. Alikuwa ametoa 14n + 3 katika 21n + 4, akabaki na 7n + 1. Halafu akakwama siku nzima. Kisha akaona kuwa 7n + 1 ikizidishwa kwa 2 inakuwa 14n + 2, na hiyo ukiitoa katika 14n + 3 inabaki 1 tu. Basi kama kuna namba inayogawanya ya juu na ya chini, lazima iigawanye 1. Na inayoigawanya 1 ni 1 peke yake. Kwa hiyo sehemu hairahisiki, iwe n ni 11, iwe ni milioni. Alilieleza kwa kurukaruka, maneno mengine akayarudia mara mbili, lakini hoja ilikuwa imekamilika. Nikamwambia, "Mpe baba yako simu."

Wapo watakaosema: mashindano haya ni ya shule za wenye fedha, na kinachompa mtoto nafasi ni mtihani wa taifa. La pili ni kweli, na sisemi mtoto aache kusomea mtihani. Lakini aliyezoea kukaa na swali gumu haogopi swali lililobadilishwa sura. Kuhusu fedha, swali nililolieleza hapo juu limehitaji karatasi, kalamu na siku tatu. Maswali ya olimpiadi ya miaka yote yapo kwenye intaneti bila malipo. Wengine wanahofia kuwa mashindano huzaa kiburi. Hofu hiyo ina msingi ikiwa tutawasifu washindi tu. Tukisifu jaribio zuri, hata lililoishia njiani, hofu hiyo itapungua.

Ninachopendekeza ni kidogo. Watoto watano au sita wa mtaa mmoja, wavulana na wasichana, wakutane mara moja kwa wiki. Pawe barazani, pawe kwenye chumba cha madrasa ambacho Jumamosi mchana hakina darasa. Apatikane mtu mzima mmoja, mwalimu au mwanachuo. Lichukuliwe swali moja tu. Masharti yawe mawili: mkubwa asitoe jibu, na kila mtoto aeleze mbele ya wenzake alikofika. Wakizoea, wapelekwe kwenye mashindano ya shule na ya taifa. Wasipopata medali, watarudi na mazoea ambayo hakuna atakayewanyang'anya.

Kwa kuanzia, jioni ya leo waulizeni vijana nyumbani maswali haya mawili. La kwanza: watu 10 wamekutana, na kila mmoja amempa mkono kila mwenzake mara moja tu. Mikono mingapi imepeanwa? La pili: katika chumba chenye watoto 13, kwa nini lazima wawepo angalau wawili waliozaliwa mwezi mmoja?

Majibu siyatoi. Na wewe mzazi, ukiulizwa na mwanao, usiyatoe. Kaa naye. Akikwama, usiseme neno lile.