Elimu kwa Wananchi: Tumfahamu Mchwa wa Mbao Kavu

Wakazi wa Kata ya Ilemba wamemzoea mchwa wa ardhini, ambaye hupanda ukutani ndani ya mfereji wa udongo na kurudi chini kufuata unyevu. Yupo mwingine asiyeacha udongo wowote, naye ni mchwa wa mbao kavu. Huyu huishi, hula na kuzaliana ndani ya mbao yenyewe, na unyevu mdogo uliomo humo humtosha. Kwa sababu hiyo, dawa inayomwagwa kwenye msingi wa nyumba haimfikii.

Anavyoanza
Kumbikumbi wake huruka, huangusha mabawa, kisha dume na jike huingia katika ufa au tundu la msumari na kuliziba. Kundi hukua polepole, na miaka kadhaa huweza kupita kabla mwenye nyumba hajatambua. Mbao huliwa kwa ndani hadi likabaki ganda la nje. Kenchi ya namna hiyo huonekana nzima, lakini haina tena nguvu ya kubeba bati.

Dalili
• Punje ndogo ngumu, mfano wa chembe za mchanga, chini ya kitanda, kabati au fremu ya mlango: hicho ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Kila punje ina pande sita.
• Unga laini kama sembe: hiyo ni kazi ya bungua.
• Mfereji wa udongo: huyo ni mchwa wa ardhini.

Anavyoenea
Msafirishaji wake mkuu ni binadamu. Aina moja yenye asili ya pwani za Peru na Chile imeenea duniani ikiwa ndani ya mbao na samani, hata ikafika Durban, Afrika Kusini. Vivyo hivyo, kitanda kikuukuu kinachoshushwa bondeni kutoka mjini huweza kuleta kundi zima.

La kufanya
Kagua samani na mbao zilizokwisha kutumika kabla ya kuziingiza ndani. Zigonge, penye mlio wa uwazi pana shaka. Kipande kilichoathirika kiondolewe na kuchomwa moto mbali na nyumba. Katika ujenzi mpya, kenchi na papi ziwe za mbao zilizotiwa dawa. Oili chafu hupaka uso tu. Haiwafikii waliokwisha kuingia. Usipulize dawa ya shambani katika chumba cha kulala. Tumia kiuatilifu kilichosajiliwa na TPHPA kwa kazi hiyo.

Ukiwa na shaka, funga punje chache katika karatasi, ufike ofisi ya Mtendaji wa Kata upate kuelekezwa kwa mtaalamu.