Dondoo Muhimu: Semina za Mauzo kwa Wakazi wa Mwihoko

Mafunzo ya mauzo na biashara hayako mbali na Mwihoko: kando ya barabara ya Thika kuna vyuo vikuu vya Zetech, Kenyatta na, kule Juja, JKUAT. Linalosahaulika mno ni suala la fedha. Mwajiri hulipa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, inaweza kumrudishia sehemu ya gharama za semina, mradi mkufunzi awe amesajiliwa nayo na idhini iwe imeombwa mapema. Usajili huo huthibitishwa kabla ya kulipa chochote. Semina isiyo na zoezi la kuuza ana kwa ana haifai kulipiwa, hata cheti kikipendeza. Mwenye duka dogo anayetafuta mafunzo aanzie MSEA, mamlaka ya serikali inayoshughulikia biashara ndogo.