Wazee wa Faili, Vijana wa Mfumo

Katika ofisi nyingi za halmashauri nchini Tanzania, mtumishi anayekaribia miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, anatumia chumba kimoja na kijana aliyeripoti kazini juzi. Ajira mpya ziliposimamishwa mwaka 2016 kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti, baadhi ya idara zilibaki na upungufu wa watu wa rika la kati, ambao ndio huwa wapatanishi. Mzigo huo sasa uko kwa mkuu wa idara.

Ewe mkuu, usikimbilie kusema ugomvi ni wa umri. Mara nyingi ni utaratibu ambao haukuwahi kutamkwa. Mzee anasubiri dokezo lipitie masijala. Kijana ametuma ujumbe WhatsApp saa tatu usiku, kwake kazi imekwisha. Kila mmoja anamwona mwenzake hana adabu. Waite, mpatane: maagizo ya malipo, ardhi na nidhamu yaingie kwenye faili, la karatasi au la kielektroniki. Kikundi cha WhatsApp kibaki cha kukumbushana, tena saa za kazi, labda kuwe na dharura.

Penye hatari zaidi ni PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji uliochukua nafasi ya fomu za OPRAS. Mtumishi mkongwe, kwa kuona haya kuuliza, humpa kijana nywila yake amjazie. Inaonekana ni wema, kumbe taarifa zinaingia kwa jina la mtu ambaye hajazisoma, na siku ya tathmini hana la kujibu. Piga marufuku jambo hilo, kisha toa mbadala: saa moja kwa wiki, mzee akiwa ameshika kipanya mwenyewe, kijana akielekeza kwa mdomo tu. Na msidhani kila kijana anaujua mfumo. Wapo wanaoijua simu vizuri na bado wanahangaika na jedwali la bajeti.

Kijana naye alipwe kwa maarifa. Mgogoro wa kiwanja wa miaka mingi haueleweki kwa kusoma faili peke yake; yapo makubaliano ya kikao ambayo muhtasari wake haukuandikwa vizuri, na yupo mtu mmoja anayeyakumbuka. Asisubiriwe hadi wiki ya kuagwa. Miezi kadhaa kabla, wapitie pamoja mafaili mazito, kijana aandike maelezo, mzee ayasahihishe.

Kuhusu kuitana: shikamoo ina mahali pake mlangoni, lakini ndani ya kikao tumieni vyeo. "Dogo" humnyang'anya mhandisi sauti yake, na "mzee wetu" wakati mwingine ni njia laini ya kumweka mtu kando.

Kinyongo halisi, kwa maoni yangu, kinakaa kwenye semina, safari na posho. Vijana husema wakubwa wanasafiri, wakubwa husema hakuna anayewapeleka mafunzo kwa kuwa wanakaribia kuondoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inataja umri miongoni mwa misingi ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mfanyakazi. Kwa hiyo vigezo vya kuchagua waendao vitangazwe kabla ya majina, na orodha ibandikwe ubaoni, ikionyesha nani alikwenda wapi mwaka uliopita.