Dondoo muhimu: Bosi akiwa na "watu wake"

Mwenzako akipangiwa kila safari yenye posho, usimsengenye wakati wa chai. Aliyepanga si yeye. Andika pembeni tarehe, safari, nani kaenda na sababu iliyotolewa. Kisha mwone bosi mkiwa wawili, uulize la mbele: "Nifanye nini ili na mimi nifikiriwe safari ijayo?" Akishajibu, mwandikie barua pepe fupi ya kumshukuru ukirudia alichosema. Majungu hayapendi maandishi.

Anayekuletea maneno ya wengine, msikilize lakini usimchangie. Ya kwako nayo yatasafiri.

Sheria je? Kwa Tanzania, bosi kumpenda fulani tu ni kesi ngumu. Lakini ukinyimwa haki kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito au ulemavu, huo ni ubaguzi uliokatazwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Anza na chama cha wafanyakazi kama kipo, halafu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Angalia kalenda: mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, mingine siku 60.